Abiria wa Mvua

Fimbo ya breki ya nyuma ilikuwa inaning'inia.

Inspekta Adila alichuchumaa kwenye tope la uani mwa kituo, akaishika fimbo ile kwa vidole viwili, akaichezesha. Pini yake haikuwepo. Pikipiki nyekundu ya Bilali, kijana wa bodaboda, ilikuwa imelazwa pale tangu siku ya ajali: ubavu wa kushoto umekwanguka wote, na upande wa kulia bomba la moshi limebonyea mwishoni. Katika mchoro wa trafiki lile bomba liliandikwa "kovu la zamani." Tairi la nyuma nalo liliandikiwa neno moja tu, na neno hilo ndilo lililomweka Bilali mahabusu: kipara.

Na kweli lilikuwa kipara. Kashata zote, yale meno ya tairi, zimelika, mpira unateleza kama kigae kilichooshwa, nyuzi zimeanza kuchungulia.

"Mzee Bwanausi," Adila alimwita mlinzi wa uani. "Mtu akitoka Mlingotini na breki iliyofunguka namna hii, mvua inanyesha, atafika Kerege?"

"Atafika ahera, mwanangu."

"Basi breki ilifunguliwa baada ya ajali. Tazama na hii nati ya ekseli. Kutu yote ya zamani, ila hapa spana imeuma juzijuzi. Nani kagusa gurudumu hili hapa uani?"

Mzee Bwanausi alivuta nailoni kichwani, mvua ikamtiririka mabegani. "Aa, hapo usinitie. Najua mnavyosema, kwamba pikipiki ikiingia uani hapa inatoka bila taa. Sikatai. Taa zimetoka, betri zimetoka, na waliozitoa nawajua na wewe unawajua. Lakini hii niliipokea kwa mikono yangu, nikailaza kwa mikono yangu. Kipara ilikuja nacho kutoka barabarani."

Adila alimtazama machoni muda mrefu. Akamwamini. Njia hiyo ilifungwa.

Barabara ile ina kona moja kabla ya kuingia Kerege, na kila aliyekulia pande zile anakumbuka orodha ya waliobaki pale. Walikuja watu na kamba za kupimia, wakachora alama nyekundu kwenye kuta za nyumba, wakasema kona itanyooshwa. Nyumba zilivunjwa. Kona ipo. Na kila anayekufa pale, kama alikuwa juu ya pikipiki, ripoti yake ilishaandikwa kabla hajazaliwa: uzembe. Mwenye gari hupata ajali. Mwenye pikipiki hujitakia.

Jumatatu Bilali angesimama mbele ya hakimu kwa kumuua abiria wake, Esha, fundi cherehani wa Mlingotini, kwa kuendesha tairi bovu kwenye mvua. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Walimleta chumba cha mahojiano, mkono wake kwenye plasta.

"Umesema tairi lako lilikuwa jipya."

"La mvua, afande. Kashata za kina, mpira laini."

"Liko wapi?"

Bilali alitazama sakafu.

"Bilali, umeleta nusu ya maneno. Nusu uliyoificha itakufunga."

"Mimi nilizimia. Nimezindukia hospitali."

"Sijakuuliza ulizindukia wapi."

"Esha alikuwa kanishika hapa." Akagusa bega lake la kulia kwa mkono mzima. "Anacheka. Ananiambia, Bilali, punguza basi, maji yasinirukie baibui, nimeliazima hili. Nikapunguza. Wallahi nilipunguza. Nikasikia kishindo nyuma, ndicho cha mwisho." Akasikiliza bati la kituo likipigwa na mvua. "Kila ikinyesha nashikwa bega, afande. Humu ndani. Nageuka, ukuta."

"Nani alilichukua tairi?"

"Waliolichukua wana watoto," Bilali alisema, akainuka arudishwe mahabusu.

*

Shahidi wa pekee alikuwa Mikdad, msimamizi wa mabwawa ya chumvi nyuma ya Mlingotini. Masika yalikuwa yameyafunika mabwawa yote, hakuna kazi, hakuna mtu ila yeye na kuku wake chini ya banda la makuti.

"Karibu, afande. Kaa hapo, usichafuke."

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa nyuma wa pikapu, umelazwa juu ya matofali. Chumvi ilikula bawaba zake zikakatika, lakini rangi ya bluu ilikuwa bado imara. Adila akakaa.

"Gari lenyewe liko wapi?"

"Gereji, Tegeta. Injini imekunywa maji. Mvua hizi si za mchezo."

"Siku ile ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, nakwenda Dar." Mikdad alijifuta mdomo. "Nimeshaeleza yote, afande, wenzako wameandika."

"Nieleze na mimi. Mimi si mwenzao kwa masikio."

Mikdad akacheka kidogo, akaacha. "Walikuwa mbele yangu, mbali. Kijana akayumba, akalala. Nikasimama. Mimi ndiye wa kwanza, hapakuwa hata na mbuzi. Yule dada, maskini, alikuwa amekwisha kata roho. Nikamfunika uso kwa mtandio wake. Nikatazama gurudumu la nyuma: kipara, kama kichwa cha babu yangu, Mungu amrehemu. Nikasema, huyu kajiua na kaua."

"Ulilitazama kwa karibu?"

"Kama ninavyokutazama wewe. Simu haina mtandao pale, nikaondoka kutafuta msaada. Nilipowapata polisi wakaniambia wamekwishapata habari."

"Bodaboda wenzake walikuwa wamefika?"

"Hapana. Niliondoka kabla yao."

"Hukurudi?"

"Nirudi nikatazame nini? Mimi na damu hatupatani."

Adila aliinuka, akapangusa suruali. Njia yote ya kurudi mjini Bagamoyo aliendesha pikipiki ya kituo polepole, magurudumu yakipasua maji. Alikwepa mistari myeupe ya barabarani. Mstari uliopakwa rangi ukilowa huteleza kuliko samli, na mguu ukikanyaga breki ya nyuma peke yake hapo, gurudumu hukukimbia. Kila mtu wa pikipiki analijua hilo. Bilali alilijua zaidi, maana alikuwa na miaka mingi barabarani bila kuangusha hata kikapu cha mtu.

*

Duka kubwa la matairi mjini ni la Bi Shaikha, mjane wa Kiarabu mwenye sauti ya kuamrisha na miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba yake aliuza baiskeli pale pale.

"Shikamoo, Bi Shaikha."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa kama kitambaa cha deki. Kaa. Unataka la mbele au la nyuma?"

"Nataka habari. Bilali wa Kerege alinunua tairi hapa?"

"Bilali!" Bi Shaikha alipiga makofi mara moja. "Walinichosha hao. Vijana wote wanakuja hapa wanataka meno makubwa, la kokoto, wapendeze. Nawaambia, meno yale ni ya tope na vumbi. Kwenye lami iliyolowa yanagusa chini kwa ncha tu, kama mwanamke mwenye viatu virefu kwenye sakafu ya msikiti. Hawasikii. Au wanataka gumu, lidumu. Likiwa gumu kama ukoko linadumu kweli. Linadumu kuliko mwenyewe. Sasa yule Bilali alikuja kuchagua. Anabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama kidogo, mpira ni laini, utashika maji yakiwepo. Anatazama mifereji kama inatoka katikati kwenda pembeni, maji yapate pa kukimbilia. Anatazama na mshale wa upande wa kuzunguka. Ala! Nikamwambia, unaposa au unanunua?"

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake wapi! Walikuwa watano. Watu watano, tairi moja, na rimu yake kabisa. Wamebishana hapo mlangoni mpaka wateja wakakimbia. Nikawauliza, nyinyi mnaoa mke mmoja?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Yule mkubwa wao, Osama, akanijibu, 'Bi mkubwa, maskini haoi, anashika zamu.'"

Adila alisimama kabla hajamaliza chai aliyowekewa.

*

Kijiwe cha Kerege kiko chini ya turubai, mkabala na mikorosho. Vijana wanne walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, zote aina moja, mvua ikigonga turubai juu yao. Walipomwona Adila walisimamisha mazungumzo.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, afande." Aliyejibu alikuwa Osama, mwenyekiti wao, mwembamba, mwenye koti la mvua lililotoboka kiwiko. "Leo unapelekwa au unapeleka?"

"Natafuta mke wenu."

Wakatazamana.

"Mliposa watano kwa Bi Shaikha. Yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Osama akatema mate pembeni, akainua kidevu kuelekea mikorosho. Kwenye tawi la mkorosho wa mwisho, mbali na turubai, gurudumu zima lilikuwa linaning'inia kwa kamba: tairi jipya, kashata za kina, maji yakilidondoka. Halikuwa limefichwa. Lilikuwa limetengwa, kama sahani ya mtu mwenye ugonjwa.

"Nani alilitoa kwenye pikipiki ya Bilali?"

"Afande, unauliza swali ambalo—"

"Fimbo ya breki haikurudishiwa pini. Alikuwa na haraka. Nani?"

Kisha Osama akavua kofia.

"Mimi. Sikiliza. Tairi zuri la mvua ni pesa ambayo mmoja wetu hana. Tukachanga, likawa la zamu. Mwenye safari ndefu kwenye mvua analifunga, akirudi analifungua, anarudisha lake. Nati moja, cheni, na fimbo ya breki, kazi imekwisha. Magurudumu yetu ya zamani tunayaacha hapa kijiweni. Siku ile Bilali alikuwa nalo. Na kanuni yetu tuliiweka mwanzo kabisa: likitokea la kutokea, tairi halilali kituoni. Likiingia uani kwenu limekufa, afande, utabisha?"

Adila hakubisha.

"Dereva wa bajaji aliyewakuta akaja kijiweni kutuita. Tulipofika, tukawapakia wote wawili kwenye bajaji hiyo. Mimi nikabaki. Nikaleta kipara chake, nikabadilisha. Mvua, mikono imelowa, nasikia king'ora. Pini ikaniponyoka ikaingia majini. Nilidhani naokoa tairi." Alikunja kofia mikononi. "Sikujua namfunga Bilali. Tulipojua, mlikuwa mmekwisha kuandika. Nani anakuja kwenu kusema alichezea ushahidi? Wewe ungekuja?"

"Na kwa nini linaning'inia? Mbona halina zamu tena?"

Kijana mmoja nyuma akasoma dua kwa midomo. Osama alishusha sauti.

"Lina abiria."

"Nani?"

"Unamjua. Ukilifunga, ukatoka hapa, huoni kitu. Ukifika kona, anapanda. Unamsikia anakaa. Nyuma inashuka, inapanda, halafu anaanza kugonga kwa visigino, tuk, tuk, tuk. Ukiongeza mwendo anagonga haraka. Ukipunguza anagonga polepole. Ukisimama ananyamaza. Wote tumemchukua. Ally huyo hapo aliacha pikipiki barabarani akarudi kwa miguu, na kujidai kote kule mbele ya wasichana."

"Niache," Ally alisema bila kuinua macho.

"Lifunge kwenye pikipiki yako," Adila akamwambia Osama. "Nitampakia mimi."

Hakuna aliyetaka kulishika. Osama alilifunga mwenyewe. Adila akapima upepo kwa kidole gumba, akavuta breki, akaangalia mshale, kisha akaondoka.

Kutoka kijiweni hadi kwenye kona ni mchepuko wa kokoto, kalavati linajengwa na halimaliziki. Pikipiki inarushwa huku na huku, hakuna anachoweza kusikia mtu ila meno yake. Kona ikaja. Lami laini ikaanza, nyeusi, imejaa maji yanayong'aa. Tairi liliishika lami kama kiganja.

Na abiria akapanda.

Adila alimsikia waziwazi. Kiti kilishuka nyuma yake, kikapanda. Tuk. Tuk. Tuk. Nywele zilimsimama shingoni chini ya kofia. Akaongeza mwendo: tuk tuk tuk tuk. Akaachia: tuk. Tuk. Mahali pale pembeni mwa barabara mtu alikuwa ameweka jiwe na juu yake kipande cha kitambaa cheupe, kimelowa, kimebana jiwe kama ngozi. Akasimama mbele yake. Kimya. Mvua tu.

Aligeuza pikipiki, akarudi na abiria wake hadi kokoto zilipomshusha.

"Umemsikia?" Osama aliuliza. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Nimemsikia. Ipandishe kwenye stendi kubwa, gurudumu lining'inie. Niokotee kijiti."

Akapiga magoti. Akashikilia kijiti karibu na ukingo wa rimu, akamwambia Osama azungushe gurudumu kwa mkono. Rimu ikapita, ikapita, kisha ikagonga kijiti. Ikazunguka tena. Ikagonga pale pale.

"Rimu imepinda," Adila alisema. "Kila ikimaliza mzunguko inainua nyuma na kuishusha. Kwenye kokoto huwezi kujua. Lami laini inaanzia kwenye kona, ndiyo maana anapandia pale."

Ally alikuja karibu kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo hakuna mtu?"

Adila alikuwa anafuta tope kwa leso pale rimu ilipobonyea. Spoku mbili zilikuwa zimelegea. Ubonyo ulikuwa upande wa kulia. Na ndani ya ubonyo, imebanwa kwenye chuma kama uchafu kwenye ukucha, kulikuwa na rangi ya bluu.

"Pikipiki ilianguka upande gani?"

"Kushoto," Osama alisema. "Mtaroni."

"Kushoto ilikula lami. Kulia ilitazama mbinguni. Bomba la moshi limebonyea kulia. Rimu imebonyea kulia. Sasa niambie, mbinguni kuna chuma cha bluu?"

Osama akapitisha kidole juu ya rangi ile.

"Aligongwa na gari lililokuwa linampita. Ngao yake ya mbele ilimpata kwa nyuma." Adila alisimama. "Mlipofika pale mlimkuta nani?"

"Hakuna mtu. Wao wawili na mvua."

"Esha alikuwa amefunikwa uso?"

"Amefunikwa na nani?" Sauti ya Osama ilipasuka. "Uso wazi, afande, maji yanamwingia kinywani. Alikuwa anapumua. Nilimshika kichwa mimi. Alikuwa hai!"

Adila akaligonga lile gurudumu kwa kidole.

"Na wakati ule, pikipiki ilikuwa na tairi gani?"

"Hili."

"Yupo mtu anayeapa kwamba alisimama pale kabla yenu, akaondoka kabla yenu, na kwa macho yake akaona kipara."

Osama alihitaji muda mfupi tu. "Kipara nilikifunga mimi. Baadaye."

"Naam. Alikiona uani kwetu, siku alipokuja kuandikisha maelezo. Akadhani ndicho kilichokuwepo. Kama angesimama kweli, angeona tairi jipya kuliko la gari lake. Hakusimama. Alipita." Na ile bluu Adila alikwishaikalia, chini ya makuti, kuku wakimpita miguuni.

Akapiga simu Tegeta, kwa mwenzake, akataja pikapu ya bluu isiyo na mlango wa nyuma, akasema isipakwe rangi, isiguswe hata na kitambaa. Kisha akamgeukia Osama.

"Rimu peke yake haitasema imetoka wapi. Inahitaji mtu wa kusema aliifungua wapi na lini."

"Nikisema, nami naingia ndani?"

"Ulichezea ushahidi. Nitaandika hivyo. Nitaandika na kwa nini."

"Hiyo 'kwa nini' yetu, hakimu huwa anaifikia?"

Lilikuwa swali la haki, na watu wa pande zile wamelibeba miaka mingi bila kupata wa kumuuliza.

"Nitamsomea kwa sauti," Adila alisema.

Osama akawatazama wenzake. Wakatazama chini. Akamtazama Ally, Ally akasema, "Watoto wako watakula kwetu, mwanangu. Zamu kwa zamu." Osama akalifungua gurudumu, akafunga lake la zamani, safari hii akairudisha pini ya breki mahali pake, akaijaribu mara mbili. Akaiacha pikipiki yake pale. Akapanda nyuma ya Adila kwenye pikipiki ya kituo, gurudumu la zamu amelipakata kama mtoto mgonjwa.

Kokoto ziliwarusha. Kona ikaja, lami laini ikaanza. Gurudumu lililopinda lilikuwa mapajani mwa Osama, haligusi chini. Hakukuwa na cha kugonga, na hakuna kilichogonga. Adila alisikiliza: mvua, injini, maji yakipasuliwa.

Walipolikaribia jiwe lenye kitambaa cheupe, kiti kilishuka nyuma.

"Afande." Sauti ya Osama ilikuwa karibu na sikio lake, ndogo. "Sogea mbele kidogo."

"Kwa nini?"

"Nimebanwa kwa nyuma."

Adila hakugeuka. Alisogea mbele mpaka tumbo likagusa tangi, akapunguza mwendo, taratibu, maji yasimrukie mtu, akaendelea hivyo hivyo mpaka lango la kituo.